Espreso au ya Kuchuja: Tofauti Iko Kwenye Karatasi

SWALI: Kila siku hunywa espreso nne kutoka kwenye mashine yangu ya nyumbani. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kolesteroli imepanda. Mwenzangu kazini ananishauri nihamie kahawa ya kuchuja, eti espreso ina kafeini nyingi mno. Je, ni kweli?

JIBU: Ushauri wa mwenzako ni mzuri, ila sababu ameikosea. Espreso moja ya ml 30 ina kafeini kama mg 63. Kikombe cha ml 240 cha kahawa ya kuchuja kina mg 95 hivi. Ule ukali unaousikia ulimini unatokana na uchache wa maji. Ukibadilisha kikombe kwa kikombe, utakuwa umeongeza kafeini.

Kinachokuhusu wewe ni mafuta. Ndani ya punje ya kahawa mna kafestoli na kahweoli, na hizo ndizo zinazopandisha LDL, kolesteroli ile mbaya. Karatasi ya kuchujia huzinasa karibu zote. Mashine ya espreso haina karatasi: maji husukumwa kwa mkandamizo wa baa 9 hivi kupitia kikapu cha chuma chenye vitundu, na mafuta hupita nayo. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa ndiyo inayoongoza kwa mafuta hayo. Itazame usoni ikiwa imetulia kikombeni, utaona vidoa vinavyong'aa. Iliyopita kwenye karatasi huwa haina.

Utafiti uliofanyika Tromsø, Norwei, ukachapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba wanaokunywa espreso 3 hadi 5 kwa siku wana kolesteroli ya juu kuliko wasiokunywa, na kwa wanaume tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo espreso moja kwa siku hatuikatazi. Nne, kwa vipimo ulivyo navyo, ni nyingi.

Ukianza kuchuja, pima g 15 za kahawa iliyosagwa wastani kwa ml 250 za maji. Suuza karatasi kwanza kwa maji ya moto, isije ikaacha ladha yake kikombeni. Maji yakishachemka yaache kama nusu dakika, kisha mimina ml 40 tu na usubiri sekunde 30. Unga utaumuka kwa kutoa gesi. Halafu mimina yaliyobaki kidogo kidogo kwa kuzungusha. Kazi yote ichukue dakika 3 hadi 4. Maji yakituama hadi dakika 6, umesaga laini mno na kahawa itakuwa chungu. Yakipita chini ya dakika 2, umesaga chenga kubwa, itakuwa nyepesi na yenye uchachu. Tahadhari moja: vichujio vya wavu wa chuma, vile vya kuosha na kutumia tena, havizuii mafuta. Wengi hununua hivyo wakidhani wameshajikinga.

Rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12. Kama umeandikiwa dawa, usiiache kwa sababu umebadili kahawa. Na kama espreso yako huichanganya na maziwa yasiyopunguzwa mafuta, hayo nayo yahesabu.

SWALI: Mimi ni mjamzito. Naruhusiwa espreso?

JIBU: Ndiyo, kwa kipimo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha mg 200 za kafeini kwa siku kwa mjamzito, na mg 400 kwa mtu mzima mwenye afya. Espreso mbili ndogo, au kikombe kimoja na nusu cha kuchuja, hazikivuki kikomo hicho. Ila uliza mashine imewekwa kutoa kiasi gani, maana sehemu nyingi "espreso moja" huwa ni dozi mbili. Chai, kola na chokoleti zina kafeini pia. Zijumlishe humo humo. Ukiwa unatumia vidonge vya madini ya chuma, usivimeze na kahawa, kwani hupunguza kiasi ambacho mwili unafyonza.