Mtoto anasema zoezi la pumzi linamzidishia hofu: jaribuni kuanzia miguuni

Mama wa Ipogolo umeuliza: binti yako wa kidato cha pili ana hofu ya mitihani, mwanasaikolojia kamfundisha kufumba macho na kufuatilia pumzi, sasa anadai moyo ndio unazidi kumwenda mbio. Je, aache tiba?

Asiache, ila zoezi libadilishwe. Mwenye hofu kali tayari anausikiliza mwili wake kupita kiasi. Ukimwelekeza kifuani anakutana na mapigo yale yale yanayomtisha, anaanza kuvuta hewa nyingi, kizunguzungu kinakuja, vidole vinaingia ganzi, naye anadhani anazimia. Kufumba macho nako, kwa mtoto aliyewahi kupigwa au kuguswa vibaya, kunaweza kurudisha picha za tukio. Mwambieni mwanasaikolojia wazi; anayeijua kazi yake hatachukia.

Mkisubiri kumwona tena, tumieni nyayo. Akae kitini, macho wazi yakitazama chini, avue ndala. Kwa baridi ya Iringa asubuhi, sakafu ya saruji inajitambulisha yenyewe: ahisi kisigino, ukingo wa nje wa mguu, kisha kidole gumba. Akili itatoroka. Airudishe tu bila kujigombeza, maana huko kurudisha ndiko mazoezi kwenyewe. Dakika 3 zinatosha kuanzia. Mtoto mdogo, wa miaka 6 hivi, mpe parachichi, apapase vipele vya ganda kwa dakika moja.

Familia nyingi zinakwama hapa: zoezi linaletwa hofu ikiwa imeshapanda, au linageuka adhabu, "hebu nenda katulie huko!" Lifanyeni mambo yakiwa shwari, kila siku saa ile ile, na mzazi akae afanye pia, simu ikiwa chumba kingine. Binti akimwona baba anachati, kesho hakai.

Msitegemee kipindi cha mazoezi kama haya kwa darasa zima shuleni kimtibu. Utafiti mkubwa wa shule za Uingereza, wanafunzi zaidi ya 8,000, matokeo yake yalitoka 2022: kufundisha darasa zima hakukuzidi utaratibu wa kawaida wa shule, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Anayeumwa hofu anahitaji mtu wa kukaa naye.

Akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi, akijikata au kusema anatamani kufa, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyo hiyo, msimwache peke yake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.