Muulize Ami: Ati treni imechelewa sababu ya majani

Barua za wiki hii karibu zote ni za safari. Nimeanza na ya huyu mama, manake niliisoma usiku nikashindwa kulala, nikaamua nimjibu kwa urefu. Waliobaki mnisamehe nikiwapa machache.

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Mie ni mama wa hapa Barani, Malindi. Mwanangu wa kiume ni nesi, yuko Uingereza mwaka wa pili sasa na alhamdulillah anatusaidia sana. Anakaa mji mdogo sababu nyumba za karibu na hospitali ni ghali, kwa hivo kwenda kazini ni treni, kama dakika 40. Sasa kila nikimpigia asubuhi ni mama niko stesheni treni imechelewa, mama treni imekatwa haiji tena, mama supavaiza amenisema mbele ya watu. Mwezi wa kumi na moja akanambia ati treni imechelewa sababu majani ya miti yameanguka kwenye reli. Kaka, majani! Jumapili moja tena ati treni haiendi hakuna dereva. Mie treni sijapanda maishani mwangu lakini nijuavyo wazungu saa yao ni saa. Naogopa mtoto ameacha kazi au ameingia mambo mengine ananificha. Babake kashakasirika, wiki ya tatu hii hataki kushika simu yake. Nimuamini?
Mama wa Barani

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Muamini. Nakwambia hivo kabla sijaeleza kitu chochote, na babake naye mwambie leo leo, asingoje kesho.

Tuanze na hayo majani manake ndio yaliyokuumiza. Kule reli nyingi zimepita katikati ya miti, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili majani yanapukutika kwa wingi, mvua inayalowesha, kisha magurudumu ya treni yanayaponda juu ya chuma mara mia kwa siku mpaka yanageuka gamba jeusi, gumu, linaloteleza. We unazijua ngazi za jeti maji yakishatoka, ule ukijani unavyoshika kwenye jiwe, mtu akikanyaga na ndara anaenda chini na ndoo yake ya samaki. Basi hapo weka gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma. Dereva inabidi afunge breki mbali sana kabla ya stesheni, na akiondoka anaondoka pole pole gurudumu lisizunguke bure, na hizo dakika mbili mbili kwenye kila stesheni zikijumlishwa ndio mtoto anachelewa kazini. Wana hadi treni maalum za kupita kuosha reli kwa maji ya presha, na kuna njia zinazobadilishiwa ratiba msimu huo. Hakubuni, dada.

La dereva pia ni kweli. Kampuni nyingi kule kwa miaka zimeajiri madereva wasiotosha ratiba zao, zikawa zinategemea dereva aliye ofu akubali kuja kufanya kazi siku yake ya kupumzika, na kwenye baadhi ya kampuni Jumapili haimo hata ndani ya kandarasi ya dereva. Akisema leo nataka kukaa na wanangu, ambayo ni haki yake, treni inabaki pale pale. Kwa hivo anayepanga kazi yake ya Jumapili kwa kutegemea treni ya kwanza anabahatisha.

Sasa utaniuliza nchi tajiri imefikaje hapo. Tangu 1948 reli yao ilikuwa mikononi mwa serikali, shirika moja, British Rail, nalo lilikuwa na lawama zake nyingi tu. Ikapitishwa sheria 1993, na kati ya 1994 na 1997 wakalikata vipande. Reli zenyewe na taa zake zikaenda kwa kampuni moja inaitwa Railtrack, mabehewa yakaenda kwa kampuni tatu za kukodisha, na kubeba abiria kukagawanywa kwa kampuni kama 25, kila moja na mkataba wake wa miaka kadhaa. Hebu fikiria jahazi, mwili wake ni wa huyu, tanga limekodiwa kwa yule, nahodha ameajiriwa na wa tatu, na gati ni ya wa nne. Likikwama baharini umpigie nani kelele?

Na lilikwama kweli. Tarehe 17 Oktoba 2000 pale Hatfield, kaskazini mwa London, reli iliyokuwa na nyufa ilivunjika treni ikiwa juu yake, watu 4 wakafa na zaidi ya 70 wakaumia. Nyufa zilikuwa zinajulikana. Baada ya hapo wakaogopa reli zote, treni zikaamrishwa ziende mwendo wa pole nchi nzima kwa miezi, na mwaka uliofuata Railtrack ikashindwa kabisa, 2002 ikaja Network Rail kuchukua reli bila wenye hisa wa kugawiwa faida. Lakini treni za abiria zikabaki kwa kampuni. Mei 2018 wakabadilisha ratiba kwa mpigo, madereva wengine hawajafunzwa njia mpya, mamia ya treni zikawa zinakatwa kila siku kwa wiki kadhaa.

Kitu kimoja kilichonikera nilipokijua, wacha nikiseme. Treni ikichelewa dakika 3 au zaidi, kuna watu wameajiriwa kazi yao ni kuamua kosa la nani, la mwenye reli au la mwenye treni au la kampuni nyingine iliyowazuilia njia mbele, halafu kwa hesabu hiyo wanalipana wao kwa wao. Mpwa wangu naye yuko kule, si mji mmoja na mwanao, akanitumia vois WhatsApp siku moja asubuhi. Treni yake ilikuwa ya saa moja na dakika 12. Ubao ukaandika dakika 19. Ukaandika 26. Kisha ile saa ikafutika likatoka neno kuwa imekatwa, na anasema hakuna aliyepiga kelele, watu wote pale wametoa simu kwa pamoja wameinamisha vichwa wanaandikia kazini. Iliyokuja baadaye ilikuwa ya mabehewa 2 badala ya 4, akasimama mlangoni mwa choo na begi katikati ya miguu mpaka akafika. Kwenye ile vois nyuma yake inasikika sauti ya tangazo ikiomba radhi, imerekodiwa zamani, ile ile kila siku. Dada, ukimpigia mwanao asubuhi nyamaza kidogo usikilize, utaisikia.

Sasa la kumsaidia. Mwambie kuna fidia inaitwa Delay Repay. Kwa kampuni nyingi ni hivi, akichelewa dakika 15 anarudishiwa robo ya nauli ya kwenda, dakika 30 nusu, saa moja anarudishiwa nauli yote ya kwenda, na saa mbili kuendelea hata ile ya kurudi kama alikata zote mbili. Hata mwenye tiketi ya mwezi anayo haki, wanapiga hesabu yao. Aombe ndani ya siku 28, apige picha tiketi na ule ubao. Wageni wengi hawaombi, wanaona ni pesa kidogo au wanaogopa wataonekana wakorofi. Aombe kila mara. Na zile barua pepe za kukubaliwa fidia asizifute, ndio ushahidi wa kumuonyesha supavaiza kuwa yeye alikuwa stesheni na treni ndiyo haikuwepo. Supavaiza anayekaa dakika tano kutoka hospitali hajui mwenzake ameamka saa kumi usiku.

Wenyewe wameshachoka pia. Novemba 2024 ilipita sheria ya kurudisha treni za abiria mikononi mwa umma kila mkataba unapoisha, na kampuni ya South Western Railway ilikuwa ya kwanza kurudi chini ya sheria hiyo, Mei 2025, zikafuata c2c na Greater Anglia mwaka huo huo. Lakini mabehewa ni yale yale na reli ni zile zile na dereva hafunzwi kwa wiki moja, kwa hivo mwanao atachelewa bado siku nyingine. Ukiona babake amekaa vizuri baada ya Magharibi mpe simu mkononi, usimuulize kwanza kama anataka.

SWALI: Ami shikamoo. Mie kijana wa Malindi, biashara ndogo ndogo. Kwani si wampe tu mtu binafsi reli zetu hapa Kenya? Serikali haiwezi kuendesha kitu. Na treni itafika Malindi lini?
Kijana wa Maweni

JIBU: Marahaba. Tulishampa, mwanangu, ulikuwa mdogo. Hii reli ya zamani iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, mwaka 2006 yetu na ya Uganda zilikabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Kiongozi wake mwanzo alikuwa Sheltam ya Afrika Kusini, baadaye ikaja Citadel Capital ya Misri, na katikati wenye hisa wakivutana huku reli inangoja matengenezo. Miaka 25 haikufika hata nusu, mkataba ukavunjwa 2017.

Mie sina ugomvi na mfanyabiashara, we mwenyewe ni mfanyabiashara na Mungu akuzidishie. Lakini duka lako likiniudhi navuka barabara naingia la jirani. Reli navuka niende wapi? Iko moja. Yule kijana wa kule Uingereza hana treni nyingine ya kupanda saa moja asubuhi, na kampuni inajua hana. Ukitaka kumpa mtu binafsi kitu ambacho mteja hawezi kukikimbia, mwandikie kwanza akichelewesha watu atalipa nini, atamlipa nani, na nani atamnyang'anya akishindwa. Hayo ndio yanayoandikwa mwisho kila mara, wakati wino wa sahihi ushakauka.

Malindi haijawahi kuwa na reli, na mpango mkubwa unaotajwa upande wetu ni ule wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, wenye reli ndani yake. Gati ya kwanza ya bandari hiyo ilifunguliwa 2021. Reli bado. Nikiona chuma chini ntakwambia.

SWALI: Ami, niliikosa treni ya Nairobi ya saa tisa mchana pale Miritini, stesheni ya Mombasa, tiketi nishalipa, kisa matatu ya Malindi ilikaa steji saa nzima ikingoja kujaa. Makanga akaniapia "tunaondoka saa hii" mara nne. Nani atanilipa?
Msafiri

JIBU: Pole sana, na mie yalinipata hayo hayo, sikukosa treni nilikosa maziko ya rafiki yangu, kwa hivo najua vile moyo unavyochemka umekaa kwenye kiti mtu anapiga piga bodi nje anaita "mmoja, mmoja, mmoja" na mmoja hatimii. Tiketi yako ya treni hakuna atakayekurudishia kwa kosa la matatu. Reli inasema we hukufika, matatu inasema we hukutaja treni. Umeona? Ni ile ile ya nahodha na tanga.

Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120, lakini usihesabu kwa kilomita, hesabu kwa foleni ya Mtwapa, kisha bado una gari lingine la Miritini, kisha pale getini mizigo inapangwa chini kwa mstari inuswe na mbwa kabla hujaingia. Kwa treni ya saa tisa mie natoka Malindi saa moja asubuhi, na nikiwa na watoto nalala Mombasa. Ndio, ni siku nzima imepotea kwa treni ya nusu siku, na inauma.

Lakini usiache hivo. Nambari ya gari na jina la sacco vimeandikwa ubavuni, viandike na saa uliyopanda na saa iliyoondoka, upeleke ofisini kwao kwa karatasi, si kwa mdomo steji, steji utageuzwa mzaha. Mie nilipeleka. Sikulipwa kitu, ila gari ile kwa muda ilikuwa ikiandika saa ya kuondoka kwenye kibao.

SWALI: Ami, sisi wa Lamu je? Basi likichelewa tukifika Mokowe magharibi boti za abiria hazipo, iliyobaki inataka nauli ya watu kumi kwa mtu mmoja. Nina mama mgonjwa wa sukari.
Wa Langoni, Lamu

JIBU: Hapo usingoje basi lifike. Ukiwa njiani, kabla hujaingia Witu, pigia nahodha unayemjua umwambie mko wangapi, na uulize ndani ya basi nani mwengine anavuka, mara nyingi mko sita saba na kila mtu anafikiri yuko peke yake. Mkishuka pamoja mnapatana bei pamoja. Dawa za mama na chakula chake vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Na life jaketi avae yeye kwanza, hata nahodha akisema ni hapo tu.