Boti inavuta upande baada ya kugonga mwamba

Kaka, kama boti yako ya faiba imeanza kutetemeka na kuvuta kushoto tangu ugonge mwamba maji yalipokupwa, usikimbilie kulaumu usukani. Zima, chomoa ufunguo, nyanyua mashine ile ya nyuma ya boti. Weka gia huru, zungusha propela kwa mkono huku ukitazama ncha ya shafti, yaani chuma kinachobeba propela: ikiyumba, shafti imepinda, na kununua propela mpya ni kutupa hela. Ikitulia, linganisha mapanga ya propela. Lililokunjika ndilo linalokutetemesha. Kuvuta upande mara nyingi ni kile kipezi kidogo juu ya propela, kimegeuka au kimekatika.

Mashine ikinguruma sana na boti haiendi, huenda mpira wa ndani ya propela umeachia. Chora mstari wa rangi kutoka sehemu ya ndani hadi ya nje, jaribu kidogo, kisha tazama: mstari ukiachana, ndiyo hiyo. Ukienda polepole utafika pwani.

Halafu legeza skrubu iliyo chini ya kasha la gia. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo usitoke nayo tena mpaka fundi abadili sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie.