Boksi za Stripu Alizoacha Mama

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, baba ametangulia, tumebaki na boksi sita za stripu za kupimia sukari na insulini kwenye friji. Hapa Dodoma nauza wapi?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili. Jibu ninalo, ila linaniuma.

Mama aliishi na sukari miaka kumi na moja. Kaka yangu yuko Houston, na kila aliyekuja likizo alibebeshwa mzigo wa mama: mashine, stripu, sindano za kutobolea kidole. Alipofariki nikahesabu boksi tisa ambazo hazijafunguliwa. Mimi mnanijua, nauza karanga na zabibu tangu chuo, hela naiona hata gizani. Tena kaka mwenyewe alikuwa amenisimulia kwamba kule Marekani kuna kampuni zinanunua boksi kama hizo kwa wagonjwa, na kadiri tarehe ya kuisha muda inavyokaribia ndivyo bei inavyoshuka. Nikasema, kumbe!

Sikungoja arobaini. Hapo ndipo mashangazi wa Mvumi waliponipatia, na mpaka leo wananikata jicho kwenye misiba. Sawa tu. Kanga za mama waligawana wao siku ya tatu.

Tangazo nikaliweka kwenye magrupu ya WhatsApp, boksi elfu thelathini. Watu wakaomba picha, kisha kimya. Waliokuja na mashine zao stripu hazikuingia, maana kila mashine ina stripu zake. Nikajiona mjanja: nikauza mashine pamoja na boksi mbili, elfu themanini, kwa mama mmoja wa Kisasa. Siku hiyo nilitembea kama nimenunua kiwanja.

Saa nne usiku simu inaita. "Mwanangu, nakufa! Mashine inasema 140!" Nyuma yake nasikia watu wanatafuta bajaji. Yeye kazoea 7, kazoea 8. Nami muuzaji sijui lolote, natetemeka tu. Nikampigia kaka, ndiye aliyetutoa: mashine za Marekani zinasoma miligramu kwa desilita, zetu zinasoma milimoli kwa lita, kwa hiyo ile namba unaigawanya kwa 18. 140 ni kama 7.8. Mama wa watu hakuwa na tatizo lolote! Kesho yake nilimrudishia elfu arobaini, si kwamba aliniomba.

Insulini niliipeleka kwa mfamasia mmoja, nikiamini atanunua. Akaniuliza: umeme ulipokatika ilikaa wapi? Nikatazama chini. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, ikiganda imeharibika, na kwa macho huwezi kujua ipi imeharibika. Zaidi ya hapo ni dawa, na anayeuza dawa bila kibali anavunja sheria. Hata hizo stripu, akasema, ni vifaa tiba, TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, inavisimamia. Nikamwachia chupa zote akaziteketeze.

Kwa hiyo mdogo wangu, insulini ya mzee usimuuzie mtu, hata akulilie. Boksi liangalie tarehe, liangalie kama lakiri haijaguswa, likumbuke lilikaa wapi, maana bati la Dodoma mwezi wa kumi linachoma, na stripu hazitaki joto wala unyevu. Nasema tena, tarehe na lakiri. Hata huko Marekani tulikotaka kuiga, mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa, FDA, iliwaonya wagonjwa wasitumie stripu zilizopitia kwa watu wengine. Na ndugu zangu, tuache tamaa! Mgonjwa anaangalia ile namba ndipo ajidunge. Namba ikidanganya, anajidunga kipimo kisicho chake, sukari inashuka, anazimia usingizini, wewe uko Majengo unahesabu elfu thelathini. Hela gani hiyo?

Zangu saba zilizobaki, tatu zilikuwa zimepita muda, nikazitupa. Nne nikampa bure yule mama wa Kisasa, mashine si anayo, nikamwambia siku ya kliniki apime kwa mashine yake na ya kliniki, alinganishe. Tangu hapo ananitumia namba kila asubuhi kama mtoto anayeonyesha daftari. Leo kaandika 112. Nikagawanya, nikamjibu: 6.2 mama, kunywa uji wako.