Maswali ya Wasomaji: Niagara Siku ya Mvua

SWALI: Mhariri, salamu. Mama yangu amekuja kututembelea hapa Mississauga akitokea Tanga, na Jumamosi hii ndiyo siku pekee iliyobaki ambayo mimi na mume wangu hatuendi kazini kabla hajarudi nyumbani. Tulikusudia kumpeleka kwenye maporomoko ya Niagara, kisha tupitie mashamba ya mizabibu ya Niagara-on-the-Lake, ambayo mume wangu ameyasikia sana. Utabiri wa hali ya hewa unasema mvua kutwa. Tena mama hanywi pombe, na magoti yanamsumbua. Je, twende au tumtake radhi? — Msomaji, Mississauga

JIBU: Dada yetu, nendeni, ila mtoke mapema. Mvua ya siku moja haiongezi wala haipunguzi kitu mtakachokiona pale. Mto Niagara unatoka Ziwa Erie, ambalo nalo hupokea maji ya maziwa ya Superior, Michigan na Huron, kwa hiyo manyunyu ya Jumamosi ni tone tu katika pipa kubwa. Isitoshe, kiasi cha maji yanayoachwa yaanguke kimepangwa kwa mkataba wa mwaka 1950 baina ya Kanada na Marekani, kwa kuwa nchi zote mbili huchepusha sehemu ya mto huo kuzalisha umeme. Katika msimu wa watalii, unaoishia tarehe 31 Oktoba, maji yanayopita mchana hayaruhusiwi kupungua mita za ujazo 2,832 kwa sekunde. Usiku, na majira yote ya baridi, kiwango hicho hushuka hadi nusu. Kwa mwezi huu wa Oktoba, mchana wa mkataba ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

Wa kumwogopa ni upepo. Pale Table Rock, ambapo maji ya Horseshoe, kubwa kuliko yote kati ya maporomoko matatu ya Niagara, yanapinda na kuanguka hatua chache tu kutoka kwenye kizuizi unachoegemea, upepo huyarudisha manyunyu ukingoni, na mtu hulowa hata jua likiwaka. Nimewahi kuona mwavuli mpya ukipinduka ukawa bakuli, na mwenyewe akabaki ameshika mpini huku akicheka. Acheni miavuli garini, mvae makoti ya mvua yenye kofia, na mama awe na soksi za akiba. Ukungu ukiwa mzito, Horseshoe, yenye kimo cha mita zipatazo 57, huweza kufunikwa yote kwa dakika kadhaa. Msiondoke, subirini upepo ugeuke.

Kuhusu magoti, ningeiacha mashua. Ni safari nzuri, na abiria hupewa majoho mekundu ya plastiki, lakini utamu wake uko kwenye sitaha ya wazi, na mvua ya Oktoba ni ya baridi. Mteremsheni mama kwa lifti katika mahandaki yaliyochongwa nyuma ya maporomoko. Mbele ya tundu lililotobolewa mwambani haonekani mto wala anga, bali pazia jeupe linalopita bila kukoma, na ukiweka kiganja ukutani utausikia mwamba ukitetemeka. Kituo cha zamani cha umeme kilicho jirani, kilichofanya kazi tangu 1905 hadi 2006, nacho kina lifti ya kioo inayoshuka mita 55 hadi kwenye handaki lililokuwa likitoa maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo. Mimi binafsi ndicho kinachonivutia zaidi siku ya mvua, lakini handaki hilo lina urefu wa mita 670 kwenda na vilevile kurudi. Mama anaweza kubaki juu akitazama mitambo.

Mkishakula, msirudi barabara kuu. Fuateni ile barabara ya kando ya mto kuelekea kaskazini, kilomita ishirini na kitu hivi, kwa sababu hapo ndipo safari zenu mbili zinapokuwa moja. Mkifika Queenston, gari litateremka mteremko mkali. Huo ni ukingo wa mwamba mrefu uitwao Niagara Escarpment, na ndipo maporomoko yalipoanzia miaka ipatayo 12,000 iliyopita. Tangu hapo maji yamekuwa yakiumega mwamba na kurudi nyuma, hadi yamefika yalipo leo, umbali wa kilomita 11 hivi. Ukingo huohuo, ukishirikiana na Ziwa Ontario linalotunza joto la kiangazi na kulitoa polepole, ndio unaoikinga mizabibu na baridi kali.

Huko mashambani ndiko mvua itakakowaudhi, maana udongo unanata viatuni. Msiingie kati ya mistari. Kaeni ndani, na viwanda viwili vya mvinyo vinatosha. Mume wako aulize mvinyo wa barafu. Zabibu zake huachwa mtini chini ya nyavu za kuzuia ndege hadi baridi ifike nyuzi 8 chini ya sifuri, kisha hukamuliwa zikiwa zimeganda: maji hubaki kama chembe za barafu, na kinachodondoka ni sharubati nzito. Kiwanda cha Inniskillin, kilichopata leseni mwaka 1975, ndicho kilichoutangaza mvinyo huo duniani uliposhinda tuzo kuu ya maonyesho ya mvinyo ya Vinexpo, Ufaransa, mwaka 1991. Huuzwa katika chupa ndogo za mililita 375, na bei yake itamshtua. Atakayeendesha asimeze: ndoo ya kutemea huwekwa kwa ajili hiyo wala si ukosefu wa adabu, na Ontario humfungia dereva leseni kuanzia miligramu 50 za kileo katika mililita 100 za damu.

Kwa mama, ulizeni juisi ya zabibu isiyochachushwa. Naye ana la kuwasimulia wenyeji, kwani zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wao wakishavuna hungoja hadi mwaka mwingine.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Mtanzania hapa Hamilton. Je, inafaa nivuke daraja nikayaone maporomoko upande wa Marekani? — Msomaji, Hamilton

JIBU: Daraja la Rainbow huvukwa hata kwa miguu, lakini katikati yake ndio mpaka, na kwa pasipoti ya Tanzania utahitaji viza ya Marekani. Kama huna, hujapungukiwa sana: upande wa Kanada ndio unaotazamana uso kwa uso na maporomoko yote matatu, ilhali ng'ambo ya pili unasimama juu yake.