Rafiki Niliyekaa Naye Hanirudishii Dipoziti

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 26 na ninafanya kazi Nairobi. Mwaka juzi nilihamia kwa rafiki yangu, Roysambu, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mkataba wake una jina lake peke yake. Kodi ni shilingi 30,000 nasi hugawana nusu kwa nusu. Siku ya kuhamia nilimtumia kwa M-Pesa shilingi 15,000 za dipoziti na nyingine 15,000 za kodi. Sasa nimepata nyumba karibu na kazini na nimempa notisi ya mwezi mmoja, lakini kila nikiulizia pesa zangu hunijibu, "Ziko kwa mwenye nyumba, mimi nitazitoa wapi?" Je, niende kwa mwenye nyumba, au nisilipe kodi ya mwezi huu tuwe tumemalizana? Mama zetu huketi pamoja kanisani, kwa hiyo sitaki ugomvi.
Mpangaji, Roysambu

Marahaba, binti yangu. Nianze na mwenye nyumba, kwa kuwa huko ndiko unakotaka kukimbilia, na huko hakuna kitu chako. Yeye alipokea dipoziti kutoka kwa rafiki yako na risiti akamwandikia rafiki yako. Wewe pengine hata msimamizi wa ploti anakujua tu kama "yule dada wa chumba cha nyuma". Isitoshe, mikataba mingi ya nyumba za kupanga humkataza mpangaji kumkodishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi, kwa hiyo ukibisha hodi kudai pesa ambazo hukumpa, huenda ukarudi mikono mitupu na ukawa umemtafutia mwenzako notisi ya kuhama. Ulimpa rafiki yako, naye ndiye unayemdai.

Hata hivyo, usimwite mwizi mapema. Inawezekana alipochukua nyumba alilipa dipoziti yote mwenyewe, nawe ulipokuja ukamfidia nusu, naye akaitumia, ilhali ile iliyo kwa mwenye nyumba haitoki mpaka yeye ahame. Hayo yanaeleza kwa nini leo hana kitu, lakini hayafuti deni. Kosa lenu nyote wawili ni kwamba siku ile mlipeana pesa bila kutamka zitarudi lini na kutoka mfuko wa nani.

Hilo la kukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ni mchezo wa wapangaji wengi, nami silipingi likisemwa mapema na likakubaliwa. Ukilifanya kimya kimya, mwenye nyumba atataka 30,000 zake kamili, na mlango utakaotiwa kufuli ni wa rafiki yako. Muulize waziwazi kama anaweza kuziba pengo hilo mwezi huu. Akiweza, ulipe bili yako ya maji na stima, mambo yaishe.

Akishindwa, mtafuteni mtu wa kuingia chumbani mwako, na dipoziti yake ije kwako, kama ile yako ilivyoenda kwa rafiki yako. Mwachie yeye uamuzi wa nani anaingia, maana ndiye atakayeishi naye. Kabla ya kufunga mizigo, kikagueni chumba pamoja mchana, mkipiga picha: lile doa la mafuta ya nywele ukutani juu ya kichwa cha kitanda, tundu la msumari wa pazia, kitasa cha mlango. Kilichoharibika mkononi mwako kilipe, lakini usikubali kukatwa rangi ya nyumba nzima kwa sababu ya ukuta mmoja.

Mkishaelewana kwa mdomo, mtumie ujumbe usiku huohuo: "Kama tulivyokubaliana leo, utanirudishia 15,000, ukitoa bili ya maji, mtu mpya akiingia au ifikapo tarehe 30 ya mwezi ujao, lolote litakalotangulia." Hata akijibu "sawa" tu, umepata maandishi. Omba pia taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliohamia, uihifadhi pamoja na ujumbe huo.

Unayo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kesi hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Deni la mapatano kama lenu huweza kudaiwa mahakamani kwa muda wa miaka 6, kwa hiyo hakuna haraka ya kukufanya umfokee. Mimi, kwa 15,000, ningemkubalia kwanza alipe kwa mafungu matatu, na mahakama ningeitaja tu baada ya fungu la kwanza kukosa kufika na simu zangu kutopokelewa.

Mama zenu msiwaingize. Mama yako akilisikia atamuuliza mwenzake, naye atampigia binti yake simu kwa ukali, na rafiki yako ataanza kujitetea mbele ya mama yake badala ya kutafuta pesa zako. Zungumza naye mkiwa wawili tu, kabla hamjapeleka kodi ya mwezi huu.