Jibu: Mkate wa kumimina kukosa vitundu

Dada, umesema mkate wako wa kumimina, huu wa mchele na tui la nazi, unatoka mzito ndani kama ugali, na Ramadhani imekaribia. Nadhani tatizo ni tui. Wengi huogopa blenda isikwame, basi hujaza tui mpaka uji unakuwa mwepesi, na mchele hauna uwezo wa ngano wa kushikilia hewa.

Kwa vikombe 2 vya mchele uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa maji yote, mimi naanza na kikombe 1 cha tui zito, hamira kijiko 1 cha chai na iliki. Saga mpaka ukiupima kwa vidole usihisi chenga. Acha uumuke, na hapa usiende kulala! Ukipitiliza unashuka, na haupandi tena vizuri. Sukari tia baada ya kuumuka, pamoja na ute wa yai 1, koroga taratibu.

Sufuria ipate moto na samli kwanza ndipo umimine. Moto mdogo chini. Vitundu vikijitokeza juu, hamishia kwenye ovena au weka makaa juu ya mfuniko. Acha upoe kabisa kabla ya kukata, dada yangu.